Winchi ya zamani ya magogo inasumbua? Soma dalili kabla hujashika spana

Ukipata winchi ya zamani ya kuvutia magogo kwa kamba ya waya, iwe bado ni ya stimu (yani ya mvuke) au walishaibadilisha wakaitia dizeli, najua mikono inakuwasha, unataka uipige brashi ya chuma, uitie rangi, uisikie inanguruma jioni hiyo hiyo. Tulia kwanza. Mashine hizi zilifanya kazi msituni kwenye matope na mvua, zikivunjika zinaungwa hapo hapo na mafundi ambao hawakuandika kitu, kambi ikihama makaratasi yanabaki yanaliwa na panya, kwahiyo kumbukumbu yake karibu yote iko kwenye chuma chenyewe: palipolika, palipochomelewa, palipopigwa bolti isiyo ya kwake. Ndo maana kila dalili naiuliza maswali mawili, nini kimeharibika, na ilikuwa inafanyishwa kazi gani mpaka ikaharibika hivyo. Swali la pili watu wanaliruka alafu wanashangaa mbona beringi mpya imeungua tena.

Historia kidogo tu, maana bila hiyo hutajua unaangalia nini. John Dolbeer wa Eureka, California, alitengeneza winchi yake ya stimu mwaka 1881, patenti akapata 1882. Ilikuwa na boila ya kusimama, silinda moja, na kichwa cha kuzungushia kamba ya manila (ya nyuzi za mmea, siyo waya), na ikishavuta gogo farasi ndo anairudisha kamba msituni. Baadaye ikaja kamba ya waya, ikaja dramu (lile pipa la chuma linalokunja kamba) ya pili ya kurudishia kamba, farasi akapumzika. Kisha wakaanza kupandisha kapi juu kwenye mti mrefu uliokatwa kilele na matawi ili gogo linyanyue pua lisinase kwenye visiki, na baada ya vita ya pili ya dunia minara ya chuma ikachukua nafasi ya ule mti. Washington Iron Works ya Seattle na Willamette Iron and Steel Works ya Portland zilitoa winchi nyingi sana za stimu, na Madill wa Kanada wakajulikana kwa minara. Sasa hesabu dramu zako. Kubwa ni ya kamba kuu ya kuvutia, inayofuata ni ya kurudishia, na kakiwepo kadogo pembeni ni ka kamba nyembamba ya kupitishia zile nzito. Ukijua dramu ipi ilifanya nini, ulikaji wake unaanza kusomeka.

Kabla hujagusa kitu

Lile kanzu la kuzuia joto kwenye boila na bitana za breki za zamani zichukulie ni asbesto mpaka maabara ikuambie vinginevyo, usikwangue, usipulize na upepo. Rangi ya zamani ina risasi mara nyingi, usiipige msasa mkavu. Piga picha kila upande, na usifute maandishi ya chaki, ya patasi, wala namba zilizogongwa kwenye ncha za shafti na kwenye meno ya gia. Mafundi waligonga namba zinazofanana kwenye vipande vinavyoenda pamoja, ukizisaga kwa grainda utakuja kukaa na vipande mkononi hujui kipi kinaanza.

Haizunguki hata kidogo

Usianze na nyundo wala usiivute na trekta. Kwanza hakikisha klachi za dramu zote zimeachia na ndoana za kuzuia dramu zisirudi zimetolewa, kuna watu wamehangaika na pistoni wiki nzima kumbe kindoana kimoja kimezama kwenye meno chini ya majani makavu. Kama ni pistoni kweli, fungua kifuniko cha silinda uone kutu iko upande gani. Winchi nyingi zilisimamishwa siku ya mwisho bila kutolewa maji, yakabaki chini ya silinda, kwahiyo kutu inakaa sehemu moja na kwenye nchi za baridi kali maji yaliganda yakapasua chuma kabisa. Mimina oili ya kupenyeza (mchanganyiko wa oili ya giaboksi otomatiki na asetoni unafanya kazi vizuri ila unashika moto haraka, weka mbali na tochi), ipe siku nyingi, pasha joto la taratibu kwa nje, alafu sukuma kwa jeki kidogo kwenda na kurudi. Ikisogea nywele moja umeshinda, usiwe na haraka.

Ukikuta ufa kwenye chuma cha kumiminwa usimwite mtu wa kuchomelea tu kwa sababu yuko jirani. Chuma hicho kikipata joto la sehemu moja kinapasuka pembeni ya uliposhona. Kuna njia ya kukishona kikiwa baridi kwa pini na vikamatio vya chuma, ni ghali na inachukua muda lakini silinda inabaki ile ile.

Beringi inapata moto

Hapa ndo pesa nyingi zinapotelea bure. Watu wanaona beringi moto wanasema babiti (yale madini laini yanayomiminwa ndani ya beringi) imechoka, wanayeyusha wanamimina mpya, baada ya mwendo mdogo ni moto tena. Babiti mara nyingi haina kosa. Angalia chini. Mashine nzima imekalia sledi, yani yale magogo mawili makubwa yaliyofungwa pamoja ambayo winchi ilikuwa inajivuta juu yake kwa kamba yake yenyewe ikihama kutoka sehemu moja ya msitu kwenda nyingine. Yakioza upande mmoja, au winchi ikikaa miaka mingi juu ya ardhi inayodidimia, fremu inajipinda na shafti haziko tena kwenye mstari. Kipimo chake hakina ufundi mkubwa: paka rangi ya buluu ya kupimia kwenye meno ya gia ndogo, zungusha kwa mkono, uone alama inakaa wapi. Ikikaa ncha moja tu ya jino badala ya upana wote, tatizo ni sledi au fremu. Vuta uzi mwembamba wa chuma kutoka beringi hadi beringi na pima na levo kwenye kila shafti kabla hujafungua chochote.

Ila sasa angalia na ulikaji wa zamani. Kama meno yamelika ncha moja na yameng'aa huko huko, winchi ilifanya kazi ikiwa imepinda, pengine miaka, na fundi wa wakati ule alijua akaweka vipande vya bati chini ya beringi kusawazisha. Ukitoa sledi iliyooza ukaweka mpya iliyonyooka huku umeacha yale mabati, umeipinda upya. Kila kipande cha bati ukitoe, ukipime, ukiandikie kilitoka wapi.

Kama kweli babiti imeisha, kumimina siyo uchawi ila unyevu ndo adui. Tone la maji ndani ya ganda la beringi likikutana na madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na yanakurukia usoni. Pasha ganda na shafti mpaka unyevu wote uondoke, vaa ngao ya uso na glavu ndefu, kaa nje penye hewa. Wazee walipima joto kwa kuchovya kijiti cha msonobari mkavu, kikibadilika rangi kuwa kahawia na kuanza kuungua bila kuwaka ghafla basi iko tayari, lakini siku hizi kipimajoto ni rahisi kupata, tumia hicho na ufuate karatasi ya aina ya babiti uliyonunua. Usisahau kukwangua mifereji ya oili. Babiti ya zamani usiitupe kabla hujapiga picha mifereji yake, kila fundi alikuwa na mkono wake.

Boila: hapa hakuna ubishi

Boila ya zamani haiwashwi kwa sababu "inaonekana nzima". Inakaguliwa na mkaguzi wa boila mwenye leseni, inapimwa unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na inajazwa maji hadi hewa yote itoke kisha inapandishwa presha ya maji kwa kiwango atakachosema yeye. Maji hayajibani kama mvuke, kitu kikipasuka unalowa tu. Mvuke ukipasua, nyumba inaondoka. Kama unene haupo, iache iwe ya maonyesho na uizungushe winchi kwa upepo wa kompresa wa presha ndogo, haina aibu yoyote hiyo.

Baada ya kupita ukaguzi, dalili za kawaida ni hizi. Tyubu (mabomba ya moshi yanayopita ndani ya boila) zinavuja juu: boila nyingi za kusimama zina ncha za juu za tyubu ambazo haziguswi na maji, ziko kwenye mvuke, kwahiyo ukiwasha moto mkubwa kwa pupa zinapata joto kuliko chuma kinachozizunguka na zinalegea. Washa moto mdogo, subiri saa kadhaa. Ukikuta ncha hizo zimeshapanuliwa mara nyingi mpaka zimekuwa nyembamba, ujue huko msituni mtu wa moto alikuwa anaharakishwa kila asubuhi. Zikivuja chini, fikiria matope: walitumia maji ya kijito chochote kilichokuwa karibu, matope yanashuka yanajaa pembeni ya sanduku la moto, maji hayafiki kwenye chuma, chuma kinaungua. Fungua vifuniko vya kusafishia vyote, siyo kimoja.

Injekta (kifaa kinachoingiza maji kwenye boila kwa nguvu ya mvuke) haivuti maji: kwanza gusa bomba na tenki, maji yakiwa ya moto haitashika hata ufanyeje, maana inategemea mvuke upoe ghafla ndani yake ugeuke maji. Yakiwa baridi, tafuta hewa inayoingia kwenye bomba la kunyonyea, ziba njia ya kumwaga maji ya ziada alafu fungua mvuke kidogo urudi nyuma, penye mwanya utauona unapumua. Baada ya hapo ndo ufungue koni za ndani uangalie chokaa, na usizikwangue kwa chuma, ziloweke kwenye siki.

Maji yanaingia kwenye silinda na unasikia kugonga: funga stimu taratibu, fungua vikoki vya chini ya silinda, maji yatoke. Sababu ni maji kujazwa mno, au kufungua stimu kwa pupa, au maji machafu yenye oili ambayo yanatoa povu kama la sabuni mpaka kioo cha kuonyeshea maji ya boila kinakudanganya. Na kioo kikionyesha hakuna maji kabisa, usimwage maji baridi ndani hata kidogo. Ua moto kwa majivu mabichi au udongo, ondoka hapo, subiri ipoe.

Pumzi haziko sawa

Winchi ya silinda mbili zinazosukuma pande zote mbili inatoa pumzi nne (milio ya mvuke uliotumika ukitoka) zilizolingana kila mzunguko. Ukisikia tatu na moja dhaifu, usikimbilie kubadilisha ringi. Nati kwenye fimbo ya valvu hulegea, na kile kipande kinachoendesha valvu kinahama kwenye shafti, hivyo viwili ndo vya kuangalia kwanza, dakika chache tu. Kisha weka valvu katikati, fungua stimu kidogo, fungua vikoki vyote viwili vya silinda hiyo. Mvuke ukitoka, uso wa valvu umechimbika. Kama haitoi, weka pistoni mwisho wa safari, ingiza mvuke upande mmoja, fungua kikoki cha upande wa pili, ukitoka mfululizo hapo ndo ringi. Na mashine ikilia kwa kukoroma na mkono wa stimu ukawa mzito, oili ya silinda haifiki, na iwe oili ya silinda za stimu, ile ya injini ya gari mvuke unaiosha yote.

Dramu inateleza, au haiachii

Dramu za zamani zinaelea kwenye shafti, na kushika kwake ni kwa vipande vya mbao ngumu vilivyobanwa kwenye gia kubwa. Ukivuta mkono, skrubu yenye nyuzi pana inasukuma pini, pini inasukuma kabari, dramu inasogea nywele chache na kubana zile mbao. Ikiteleza, jaribu kwanza kuona skrubu imefika mwisho wa nyuzi zake kabla dramu haijabana. Ikiwa imefika, mbao zimeisha, na kuna fundi huenda alishaongeza ringi ya chuma nyuma kuficha hilo. Kama skrubu bado ina nafasi, angalia grisi kwenye mbao au uso ulioungua ukawa kama kioo, ukwangue kidogo. Ukitengeneza vipande vipya tumia mbao ngumu iliyokauka vizuri na fuata mwelekeo wa nyuzi wa vile vya zamani, usibuni, na ubakishe kimoja cha zamani kwenye boksi.

Isipoachia, mtu akishaachilia mkono dramu bado inatambaa, hiyo ni hatari kuliko kuteleza. Springi ya kurudisha imevunjika, shafti ina kutu, au kabari imeota ndevu pembeni. Usiiendeshe hivyo hata kwa maonyesho.

Angalia pia kile kichwa cha pembeni cha kuzungushia kamba. Kikiwa laini kimelika kama kimesuguliwa, kilitumika na kamba ya manila, kikiwa na mifereji iliyochimbwa kiliburuzwa na waya. Watu wanakichonga upya ili kipendeze, mimi nasema kiacheni, hakibebi tena mzigo, na hiyo mifereji inaonyesha mengi kuliko bango lolote utakaloandika.

Kamba inajipanga vibaya kwenye dramu

Kama inarundikana upande mmoja, kapi la kwanza liko karibu mno au haliko katikati. Pembe ya kamba kutoka katikati ya dramu mpaka ukingoni isizidi nyuzi 1.5 kwa dramu laini, 2 kwa yenye mifereji. Kapi lenye mfereji ulioachiwa alama ya kamba ya zamani litaitafuna kamba mpya, pima kwa geji.

Kamba uliyoikuta nayo ni ya makumbusho, usinyanyulie kitu. Na hata mpya, ukihesabu nyuzi za waya 6 zilizokatika zimetawanyika ndani ya urefu ambao msokoto unazunguka kamba mara moja, au 3 kwenye msokoto mmoja ndani ya urefu huo huo, itolewe. Klipu za mwisho wa kamba, kiti chake kikae upande unaobeba mzigo na ule mkono wa U ubane upande mfupi uliokufa, sijui kwanini bado napiga kelele kuhusu hili lakini kila mara nakuta zimegeuzwa. Mabaki ya waya yanachoma hadi mfupani, kwahiyo glavu za ngozi, na usiiongoze kamba kwa mkono ikiwa inazunguka.

Za dizeli na mikono ya upepo

Hizi watu wanazidharau kwa sababu hazina moshi mzuri, ila ndo zinapotea haraka zaidi, zinakatwa kuuzwa chuma chakavu. Ugonjwa wake mkubwa ni ule upepo wa presha unaoendesha klachi. Klachi inashika polepole: pima presha pale kwenye klachi, siyo kwenye tenki, maana raba za ndani zikikaa miaka zinakauka zinapasuka. Klachi inachelewa kuachia: valvu ya kutoa upepo haraka imenata. Ikisumbua asubuhi tu alafu inapona, kuna maji kwenye tenki na mabomba, yatoe kila siku mwisho wa kazi.

Haina jina, na filimbi inakoroma

Kibao cha jina kikiwa kimeibiwa, namba zipo mahali pengine: kwenye ncha ya shafti kuu, ubavuni mwa fremu chini ya grisi, kwenye chuma cha boila karibu na mlango wa moto. Boila na winchi zinaweza kuwa na namba tofauti kwa sababu boila zilihamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, usilazimishe zilingane, andika zote mbili.

Filimbi ikikoroma badala ya kulia, toa maji kwenye bomba lake kwanza, ndo ugeuze kengele (kile kikombe cha juu cha filimbi) juu au chini kidogo mpaka sauti inyooke. Alafu mtafute mtu aliyewahi kufanya kazi nayo kabla hujaanza kuipigia wageni. Zamani kijana mmoja alisimama mahali anapowaona wafunga magogo, anavuta waya mrefu uliofika mpaka kwenye filimbi, na mwendesha winchi ambaye hawaoni kabisa anafuata milio tu. Mlio mmoja mfupi kamba ikitembea ni simama. Mingine ilitofautiana sehemu na sehemu, kwahiyo muache mzee aipige mwenyewe, rekodi kwa simu, na pembeni ya kila mlio andika kambi gani, miaka ipi, na yeye alikuwa upande gani wa kamba.